Simu Yako Si Soko la Kila Mtu

Mara nyingi tumewafundisha habari ya inzi. Inzi hutoka chooni, hukaa juu ya chakula, na mtoto huharisha. Mama mwenye akili hafukuzi inzi kwa mkono tu. Hufunika chakula, tena hufunika choo. Leo nataka kusema juu ya jambo jingine linaloingia nyumbani bila kuitwa, nalo huleta hatari vilevile. Ni matangazo ya wauzaji yanayotumwa kwa simu, hasa kwa WhatsApp na Facebook.

Hapa Kiwanja simu si kitu cha kujifurahisha tu. Tangu mapigano ya mwaka 2022 jamaa nyingi zilitawanyika, na ni kwa simu tunapata kujua nani yu hai na nani anaumwa. Kwa hiyo sisemi, "Tupeni simu zenu." Kila picha na kila video ya muuzaji hula mega ulizonunua kwa franga zako. Siku habari ya mgonjwa wako inapokuja, mega zimekwisha.

Lakini hasara hiyo ni ndogo. Iliyo kubwa ni tangazo la dawa. Maneno yake karibu ni yale yale siku zote: dawa moja inaponya tansiyo, sukari, UKIMWI, vidonda vya tumbo na utasa; waganga hawataki ujue; kesho bei itapanda; tuma dola kwa namba hii. Basi, tuyapime maneno hayo. UKIMWI huletwa na virusi. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Sukari hutoka katika upungufu wa insulini au mwili kushindwa kuitumia. Magonjwa yenye asili mbalimbali yataponywaje na chupa moja?

Mgonjwa anayeishi kwa insulini akiiacha, anaweza kufa kwa siku chache. Mwenye tansiyo akiacha vidonge, mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Hudhani amepona, kisha mshipa wa kichwani unapasuka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, karibu dawa 1 katika 10 ni ya uongo au ni dhaifu kuliko kipimo chake. Ikiwa ni hivyo kwa dawa kwa jumla, itakuwaje dawa ya mtu usiyemwona uso?

Wengine watajibu, "Hospitali ni mbali, njia ni mbaya, fedha hakuna." Maneno hayo ni kweli, wala sitayadharau. Lakini dawa isiyoponya ni ghali hata kwa dola moja. Utailipia, na bado utabebwa mpaka hospitali, hali yako ikiwa mbaya zaidi. Afadhali umpigie mwuguzi wa kituo cha afya unayemjua.

Sasa kosa ni la nani? Wengi husema, "La muuzaji." Mimi naona nusu ni letu. Udanganyifu ni wa zamani kuliko simu hizi: mwaka 1991, huko Kinshasa, mchezo wa fedha ulioitwa Bindo Promotion ulianguka, na watu wengi wakapoteza akiba zao. Habari zake zilienda kwa midomo ya jirani na ndugu. Hata leo muuzaji hana namba zetu zote. Humpata mtu mmoja wa kwaya au wa chama cha akina mama, naye kwa huruma hulituma tangazo kwa kundi zima. Wengine huamini, si kwa sababu wanamjua muuzaji, bali kwa sababu wanamheshimu mama yule. Hicho ndicho choo kisichofunikwa.

Mwezi wa Aprili 2020 WhatsApp iliamuru kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi utumwe kwa kundi au mtu mmoja tu kwa mara moja. Kampuni yenyewe ilisema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa 70 kwa mia. Hapa tunaona kwamba mikono ikipunguza kutuma, uchafu hupungua.

Basi, fanyeni hivi:

1. Usimjibu muuzaji, hata kwa kumtukana. Jibu lako humwonyesha kwamba namba ina mtu. Bonyeza "Bloquer", kisha "Signaler".

2. Katika WhatsApp fungua "Paramètres", "Confidentialité", "Groupes", uchague "Mes contacts". Hivyo mgeni hatakutia katika kundi lake bila ruhusa yako.

3. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, wala zile tarakimu 6 ambazo WhatsApp inakutumia. Atakayezipata ataweza kuomba fedha kwa jina lako.

4. Usiache dawa ya hospitali kwa sababu ya tangazo. Lete simu yako, tusome pamoja. Hatutakucheka.

5. Ninyi viongozi wa makundi, wekeni amri moja: tangazo la dawa lisitumwe hapa. Likitumwa, lifuteni siku ile ile.

Tena, aliyelituma ni ndugu. Usimwaibishe mama au mzee mbele ya kundi zima. Mwite kando, mweleze kwa upole, umwombe alifute yeye mwenyewe. Na kabla wewe hujatuma neno lolote la dawa, jiulize: "Je, ningempa mtoto wangu dawa hii bila kumwuliza mganga?" Kama hungempa, usimtumie mtoto wa mwenzako.