HAKI YA MTU ALIYEUMIA NJIANI

Barabara za Kisii na Nyamira zapita katika vilima na kona nyingi, na siku za mvua huteleza sana. Wakulima hupita humo kwa matatu na pikipiki wakienda sokoni, na makarani wakienda kazini. Ajali ikitokea, watu wote huuliza habari za mguu uliovunjika. Ni wachache wanaouliza swali la pili: je, miezi ile ambayo mtu hawezi kushika jembe wala kalamu, watoto wake watakula nini?

Sheria ya Kenya yalijibu swali hilo kwa njia mbili, nazo hazifanani.

Njia ya kwanza ni ya mtu aliyeajiriwa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlinda mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, hata kama mwajiri wake hakukosa. Karani aliyetumwa na ofisi kutoka Kisii kwenda Keroka, akaumia njiani, yumo. Mchuma chai anayechukuliwa kwenda shambani kwa gari la mwajiri pia yumo. Mwajiri apaswa kuarifiwa upesi, naye ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yenyewe yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Aliyelemaa kabisa, asiweze kazi tena, fidia yake hupimwa kwa mapato ya miezi 96.

Njia ya pili ni ya kila mtu, awe na mwajiri au asiwe naye. Tangu siku za ukoloni sheria imemlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa na gari hilo. Abiria na mtembea kwa miguu wote huingia humo. Lakini katika njia hii ni lazima kuthibitisha kwamba dereva alikosa. Kesi ifunguliwe katika muda wa miaka 3. Na ikiwa gari lilikuwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa barua kabla ya kesi kufunguliwa, isije ikapata sababu ya kukataa kulipa. Tena haishurutishwi kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari.

Hapo ndipo mkulima huona shaka. Karani ana karatasi ya mshahara, lakini mkulima wa Nyamache mwenye chai kidogo na migomba atamwonyesha hakimu nini? Wengi hudhani kwamba asiye na karatasi ya mshahara hana mapato mbele ya sheria. Sivyo. Mwaka 2005, katika kesi iliyohusu seremala aliyefariki, Mahakama ya Rufani ilikataa mawazo kwamba mapato ya mtu huthibitishwa kwa hati peke yake. Wakenya wengi hujitafutia riziki pasipo vyeti, na sheria haiwanyimi haki kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, maneno hayo si ruhusa ya kwenda mahakamani mikono mitupu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima na aweke karatasi za malipo ya chai kutoka kiwandani, kitabu cha chama cha akiba, na hesabu ya ndizi alizouza. Akimwajiri kibarua wa kulima mahali pake, aandike alichomlipa na kumtia sahihi. Jirani aliyemwona akifanya kazi ni shahidi mwema. Na gharama za hospitali zahitaji risiti. Bila risiti, mahakama huzikataa.

Siku za kwanza ndizo zenye thamani kubwa. Ajali iandikishwe katika kituo cha polisi, na hati ya polisi ya kuthibitisha ajali ichukuliwe. Daktari ajaze fomu ya P3. Namba ya gari na jina la kampuni ya bima yaandikwe mapema, maana gari likishaondolewa, habari hizo ni taabu kuzipata.

Mgonjwa na ajihadhari pia na madalali wanaozunguka vitandani hospitalini wakiwa na karatasi za kutiwa sahihi. Asitie sahihi asichokisoma. Sheria ya Mawakili haimpi wakili nguvu ya kununua sehemu ya haki ya mteja wake.

Wala mtu asiseme, miaka 3 ni mingi. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Zote mbili zilikuwa na matatu nyingi katika bima zake, na waliokuwa wakizidai waliachwa wakingoja. Anayedai mapema hudai kampuni ingali na nguvu ya kulipa, na mashahidi wake wangali wakikumbuka.