Betri mpya na pikipiki haiwaki? Anzia kwenye nati

Katika vijiji vya safu ya Uluguru, pikipiki ndiyo gari la mboga, ndiyo teksi na, usiku unapoharibika, ndiyo gari la wagonjwa. Familia iliyoko Nyandira au Bunduki ikipatwa na degedege la mtoto saa nane usiku haiwezi kusubiri gari la asubuhi la kushukia Morogoro mjini. Itampigia simu jirani mwenye pikipiki. Kwa hiyo pikipiki iliyobadilishwa betri jana na leo haitaki kuwaka si shida ya baba na fundi wake pekee. Mama naye anapaswa kujua pa kuanzia.

Watu wengi hukimbilia kusema wameuziwa betri mbovu. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi betri haikupewa nafasi. Betri nyingi za pikipiki huuzwa kavu, muuzaji humwaga maji makali pale pale dukani, anafunga, mteja anaondoka. Betri iliyotiwa asidi muda huo huwa haijajaa. Inatakiwa ikae angalau nusu saa, asidi ipenye kwenye sahani zake, kisha ichajiwe polepole. Kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya kumi: betri ya ampea 5 kwa saa huchajiwa kwa nusu ampea, kwa saa kadhaa. Ukiipachika kwenye chaja kubwa ya magari ili iwahi, unaipika.

Ikiwa imeshafungwa na pikipiki imegoma, usianze kupiga stata mfululizo. Kila mbonyezo unakula chaji kidogo iliyopo. Fungua swichi tu, kisha tazama taa ya gia huru, piga honi, washa indiketa.

Kukiwa kimya kabisa, hakuna hata taa moja, tatizo liko karibu na betri yenyewe. Shika nyaya kwenye vichwa vya betri uzitikise kwa mkono. Zikicheza, umeshapata mchawi wako: nati haikukazwa, au waya mdogo wa pili uliokuwa kwenye kichwa cha chanya ulisahaulika ukabaki unaning'inia. Baada ya hapo kagua fyuzi, ambayo kwa kawaida hukaa jirani na betri. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni namna ya kuchoma pikipiki nzima, na nyumba ikiwa imelala sebuleni.

Fyuzi iliyoungua mara tu baada ya kufunga betri huwa na maelezo yake: chanya na hasi viligeuzwa. Betri mpya huweza kuwa na vichwa vilivyopishana na vya ile ya zamani, na anayefunga gizani kwa mazoea hubadilisha bila kujua. Ukiwa na bahati, fyuzi inakufa peke yake. Bila bahati, inakwenda na rektifaya, kile kidude chenye mapezi ya bati kinachodhibiti chaji. Unapotoa betri, anza na waya wa hasi. Unapoweka, anza na wa chanya.

Taa zikiwaka vizuri lakini ukibonyeza stata unasikia "ta-ta-ta" na taa zinafifia, chaji ni ndogo au mwungano una kutu. Safisha, kaza, chajisha. Na stata ikizunguka kwa nguvu ila injini haishiki, muache muuza betri, hana kosa. Tazama swichi ya kuzima injini iliyo kwenye usukani, maana hubonyezwa kwa bahati mbaya wakati wa kusukumana na pikipiki. Tazama koki ya mafuta, stendi ya pembeni, kofia ya plagi. Pikipiki yenye kiki ijaribiwe kwa kiki. Baadhi hupata umeme wa cheche kutoka kwenye injini yenyewe na huwaka hata betri ikiwa dhaifu. Kuiwasha kwa kuisukuma mteremkoni ni sawa kwa dereva aliye peke yake, mchana. Kumpakia mjamzito kwenye pikipiki inayoserereka bila taa katika kona za barabara ya Mgeta ni jambo jingine kabisa.

Ipo hali moja inayokula fedha za familia kimya kimya: betri mpya inafanya kazi siku mbili, kisha inakufa. Hapo ya zamani huenda haikuwa mbovu. Fundi apime kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Injini ikinguruma kwa mwendo wa kati, zisomeke kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Zikibaki 12 na kitu, pikipiki haichaji. Zikipita 15, betri inachemshwa, na ya tatu utakayonunua nayo itakufa.

Sasa ndani ya nyumba. Maji ya betri ni asidi ya salfuri, na mara nyingi husafiri yakiwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka mitatu hasomi lebo, na hapo hakuna lebo ya kusoma. Yakimrukia machoni au kwenye ngozi, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Akiyanywa, asitapishwe, asukutue mdomo na apelekwe mara moja. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, hivyo isichajiwe chumba cha kulala wala karibu na jiko au kibatari.

Ile ya zamani isipasuliwe uani ili kutoa risasi ya kutengeneza vyuma vya nyavu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, wanajua gharama yake. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mwanawe akakutwa na risasi mwilini, aliongoza madai yao, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015; mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ukinunua mpya, muulize muuzaji kama anachukua kuukuu na anakupunguzia bei kiasi gani.

Kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga, ipo pia namba 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambayo kuipiga ni bure. Iandikeni ukutani, na chini yake namba ya jirani wa pili mwenye pikipiki.