Pipa la Mwambani Si Pipa la Bandarini

Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kufundishwa kwamba gunia la mahindi mabichi si sawa na gunia la mahindi makavu. Anajua kuwa akiyaanika yatapungua, na mnunuzi naye anajua. Ajabu ni kwamba tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia 1 kule Turkana, mnamo Machi 2012, sisi tuliosoma tumekuwa tukitajiwa mapipa kwa mamilioni bila kuuliza: yamepimwa wapi?

Swali hilo si la wahandisi pekee. Mafuta yaliyomo mwambani yamo katika joto na shinikizo kubwa, na aghalabu gesi imeyeyuka ndani yake kama ilivyo katika soda iliyofungwa. Joto na gesi hiyo huyavimbisha na kuyapunguzia densiti, yaani uzito wa kila lita. Yakipandishwa juu, gesi hutoka, mafuta hupoa, nayo hunywea. Tuseme kigezo cha kunywea ni 1.2. Mapipa 120 ya chini yatakuwa mapipa 100 tu ya kuuzwa, kila moja likiwa na lita 159.

Ili kukadiria, wataalamu huzidisha eneo la tabaka kwa unene wake, kisha kwa sehemu ya mwamba iliyo vitundu, kisha kwa sehemu ya vitundu hivyo isiyokaliwa na maji. Jawabu hugawanywa kwa kigezo nilichokitaja. Kigezo chenyewe hupatikana kwa kupima sampuli katika maabara. Pasipo na sampuli, hutumiwa kanuni za makadirio, mathalani zile alizochapisha Mmarekani M. B. Standing mwaka 1947 kutokana na mafuta ya California. Lakini mafuta hayafanani. Ya Turkana yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ndiposa kabla ya shehena ya kwanza kuondoka Mombasa mnamo Agosti 2019, ilibidi yasafirishwe barabarani katika matangi ya kuhifadhi joto.

Mimi ni mwanaisimu, na linalonikera ni neno. Tunaposema "pipa", huenda tukamaanisha mafuta yaliyomo mwambani, au mafuta hayo yakishanywea, au ile sehemu tu inayoweza kuchimbwa, kwa maana mengi hubakia chini daima. Neno moja, hesabu tatu! Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imeitengea kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali kuu, na jamii ya mahali asilimia 5. Mchungaji wa Lokichar atalidaije fungu lake ikiwa hajui ni pipa lipi linalohesabiwa? Akitarajia mapato ya pipa la mwambani, akalipwa ya pipa la bandarini, atadhani ameibiwa. Na siku atakapoibiwa kweli, hatakuwa na msamiati wa kuthibitisha.

Napendekeza basi tuseme waziwazi: mapipa ya mwambani, mapipa ya juu, mapipa yanayochimbika. Mwalimu wa fizikia anapofundisha densiti, na ashirikiane na mwenzake wa Kiswahili, wanafunzi waifanye hesabu hii na kuieleza kwa lugha ambayo wazazi wao wataielewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Nasi tusisahau kuwa daftari huandikwa kwa maneno.