Miguu ya Mtoto Inapopinda

Mtoto akianza kutembea na miguu yake ikawa kama upinde, majirani hawakosi neno. Huyu husema karogwa, yule husema alibebwa vibaya mgongoni. Yote mawili si kweli. Kupinda kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida. Lakini miguu ikizidi kupinda na vifundo vya mikono vikavimba, yafaa kushuku ugonjwa wa matege.

Sikilizeni jinsi mfupa upatavyo nguvu. Jua likipiga ngozi, ngozi hutengeneza vitamini D. Hiyo hupita katika ini, kisha katika figo, ndipo iwe tayari kwa kazi. Halafu huingia katika chembe ndogo ndogo za utumbo. Ndani ya kiini cha chembe hizo mna kipokezi kinachoingoja, kama kufuli lingojavyo ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, chembe hupata amri ya kuchukua kalsiamu ya chakula na kuipitisha damuni, nayo damu huipeleka mifupani.

Basi yatakiwa mambo matatu: ufunguo, kufuli, na kalsiamu yenyewe. Kimoja kikikosekana, mifupa hulegea.

Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliponya watoto wenye matege kwa mwanga wa taa maalumu. Hao walikosa ufunguo. Lakini Nigeria jua ni tele, na matege yapo. Mwaka 1999 madaktari walitangaza kwamba watoto wa huko waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Tena wapo wachache sana wanaozaliwa na kufuli bovu. Kasoro hiyo ya urithi iligunduliwa mwaka 1988. Hao huhitaji matibabu ya pekee.

Kwa hiyo, mama, usimfungie mtoto ndani mchana kutwa. Aliyekwisha kuanza kula, mtilie katika uji dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao. Nawe baba, usipoteze fedha kwa mganga wa kupiga ramli, wala usinunue vitamini dukani kwa kukisia, maana ikizidi huharibu figo. Mpeleke mtoto hospitali, daktari apate kujua kilichopungua. Samaki mkunje angali mbichi: mifupa ingali ikikua, hata iliyopinda yaweza kunyoka.