Mtemi Asiye na Ghala

Mgeni anayefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, hupelekwa moja kwa moja kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Huzungushwa vyumbani, hupigwa picha, huondoka. Makala za toleo hili zinamgeuza shingo aangalie upande wa pili: watemi wa Unyanyembe, ambao njia ile ile ya misafara iliwatajirisha na hatimaye ikawaponza. Tumewachagua wao kwa sababu makeke ya kitemi yamerudi kwenye majukwaa yetu, na ngozi za chui, usinga na viti vya enzi vyake, huku bei ya kila kitu ikipanda. Gazeti hili linayapinga.

Kwanza tuwape haki yao wale wa zamani. Mtemi wa Kinyamwezi hakuvaa kibangwa kwa ajili ya urembo. Raia walimlimia shamba, wawindaji wakampelekea sehemu yake ya pembe za ndovu, lakini nafaka ya kwake ndiyo iliyokuwa akiba ya nchi siku ya njaa. Mvua ikikataa, aliulizwa yeye. Nchi ikiharibika mikononi mwake, aliweza kuondolewa. Walafi walikuwamo, wakatili pia, na simsihi mtu autamani utawala ule. Nasema tu kwamba aliyesikia ngoma ya mtemi ikilia alijua pa kwenda kudai chakula.

Biashara ya pembe ndiyo iliyoanza kulivunja agano hilo. Mnywa Sere alipowatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu, walimng'oa, wakamweka Mkasiwa. Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871 alimkuta mtemi aliyekalia kiti kwa hisani ya matajiri wa misafara. Isike, aliyefuata, alikataa kuwa kibaraka. Januari 1893 Wajerumani walipolivunja boma lake, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Huyo hana deni kwetu.

Waliokuja baadaye waliwekwa na mkoloni na kuwajibika kwa mkoloni. Waingereza waliupa mpango huo sura ya kistaarabu. Chini ya Gavana Donald Cameron ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926: michango ya kimila ikageuzwa fedha, na mtemi akalipwa mshahara kutoka hazina iliyojazwa na kodi ya raia. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imefunguliwa shule ya serikali Tabora, ikilenga wana wa machifu. Mtu asiye na shilingi za kodi alifunga kibindo akaenda Tanga kukata mkonge, akaitwa manamba. Ghala likatoweka, ngoma ikabaki, tena ikilipiwa na yule yule aliyekwenda kukata mkonge. Mkono mtupu haulambwi, lakini ule ulitakiwa ulambwe kwa sheria.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba utemi haukupata watetezi wengi ulipofutwa. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ilimwacha Malkia wa Uingereza ikawa jamhuri. Mwaka uliofuata ulipoanza, mamlaka ya machifu nayo yakaondolewa. Aliyeongoza kazi hiyo, Julius Nyerere, alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Na Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika serikali hiyo hiyo.

Tangu hapo tumekuwa na mila nyingine, changa lakini yetu, ya mkubwa kujipunguzia wakati wa dhiki. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana, Nyerere alikata mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 2015 Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, fedha zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mwaka 2022 Rais Samia naye alizifuta, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Kama gwaride la Uhuru wenyewe linaweza kusubiri, kiti cha enzi kinaharakia wapi?

Septemba 2021, kwenye tamasha la Kisesa, Mwanza, machifu walimsimika Rais huyo huyo na kumwita Chifu Hangaya. Jina la heshima halimuumizi mtu, na wazee wana haki ya kumpa wampendaye. Hofu yangu ni pale heshima inapoanza kuomba magari, posho na fungu la bajeti, kila mkoa ukitaka tamasha lake kubwa kuliko la jirani. Mwaka uliofuata mbolea ilikuwa ghali kiasi kwamba serikali ilibidi itoe ruzuku. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge, ambaye mkopo wa pembejeo hukatwa kwenye mauzo kabla hajashika senti, asiongezewe mzigo wa kumvika mtu ngozi ya chui.

Tutaambiwa kwamba huo ni utamaduni. Sawa, waupendao waugharimie. Uganda, yenye wafalme wa kweli tangu viti vyao viliporudishwa mwaka 1993, imeandika katika ibara ya 246 ya katiba yake kwamba mtu asilazimishwe kuchangia gharama za kumtunza kiongozi wa jadi. Uingereza haikuwa na kinga hiyo: mwaka 2023, mfumuko wa bei ukiwakaba raia wake, kutawazwa kwa Charles wa Tatu kulikula pauni milioni 72 za umma.

Kwa hiyo tunawaomba madiwani wa Tabora, Uyui na kwingineko: rasimu ya bajeti ikifika mezani, tafuteni mstari wa matamasha na usimikaji, muulize unalipwa na nani, kisha mwangalie zahanati zenu kabla ya kuupitisha. Watetezi wa utemi nao wana nafasi yao humu. Barua zao tutazichapa toleo lijalo.