Ada ya Dalali wa Deni Letu Itajwe Hadharani

Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa kwa riba ya asilimia 9.75. Waliotutafutia wakopeshaji ni idara za uwekezaji za benki kubwa mbili, Citi ya Marekani na Standard Bank ya Afrika Kusini. Mkopo huo umegusa mfuko wa mkulima wa Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, na mkulima huyo ana haki ya kuelezwa ulivyopatikana na waliousimamia walilipwa nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na sasa nalima chai hapa Mugirango Kaskazini. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 2014 serikali iliuza hatifungani yake ya kwanza ya aina hii, ile ambayo watu huiita Yurobondi, kupitia JP Morgan, Barclays na wenzao. Sehemu ya miaka kumi ilikuwa na riba ya asilimia 6.875, nayo ilipaswa kulipwa Juni 2024. Mkopo wa Februari ulichukuliwa ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo.

Sasa tulinganishe. Kwa dola bilioni 1.5, riba ya zamani ni takriban dola milioni 103 kwa mwaka. Riba mpya ni milioni 146. Tofauti ni milioni 43, na dola ikiwa shilingi 130, hizo ni kama shilingi bilioni 5.6 kila mwaka. Mgao ambao kaunti nzima ya Nyamira hupokea kutoka serikali kuu, ndio wa zahanati, barabara za mashinani na walimu wa chekechea, ni zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka. Yaani nyongeza ya riba peke yake inakaribia kuiendesha Nyamira.

Wengi hudhani benki hizo hutukopesha pesa zao. Kazi yao hasa ni udalali. Huwatafuta wenye pesa, kama vile mifuko ya pensheni na kampuni za uwekezaji za London na New York, huwakutanisha na maofisa wa Hazina ya Kitaifa, huandika kila mmoja anataka kiasi gani na kwa riba gani, kisha huishauri serikali bei ya kufungia. Shughuli ikiisha hulipwa ada, na deni linabaki letu. Hapa kwetu mtu akipeleka ng'ombe sokoni hamkabidhi dalali kamba kabla ya kujua atakatwa shilingi ngapi. Kwa deni la mabilioni, tumekubali kukabidhi kamba kwanza.

Lazima niseme ukweli wote: mkopo ule ulituokoa. Januari 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 160, na wawekezaji waliogopa kwamba Juni ikifika Kenya itashindwa kulipa. Pesa zilipopatikana hofu ilitulia, na baada ya miezi michache dola ikawa karibu shilingi 130. Kila anayenunua bidhaa kutoka nje alipata nafuu. Nisingependa turudi tulikokuwa.

Lakini nafuu hiyo ilikuwa na upande wa pili, na huko ndiko tunakoishi sisi. Chai yetu huuzwa mnadani Mombasa kwa dola. Kilo iliyouzwa dola 2 ilileta shilingi 320 dola ilipokuwa 160. Dola ikiwa 130, kilo ileile kwa bei ileile inaleta 260, na mishahara na kuni za kiwanda havipungui kwa sababu shilingi imepata nguvu. Ubora wa majani na hali ya soko vilichangia pia, sikatai, lakini bonasi ya 2025, malipo ya mwisho wa mwaka kwa wakulima wa chai, ilipotangazwa ilikuwa chini, na uchungu ukaenea vilima vyote hivi.

Siku hizo nilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia majani ya chai, karani akining'iniza magunia kwenye mizani moja baada ya jingine. Jirani yangu, mama anayesomesha watoto kwa chai hiyo, alitazama namba ikiandikwa kwenye risiti yake, akanigeukia. "Mwalimu, si tuliambiwa shilingi imepona? Mbona bonasi imeugua?" Nilimweleza habari za dola na mnada, akanielewa mara moja. Kisha akauliza, "Na hao waliotafuta huo mkopo, wao walipata ngapi?" Kwa hilo sikuwa na la kumjibu.

Mama huyu anaelewa uchumi vizuri. Kinachokosekana ni taarifa inayotolewa kwa lugha anayoisoma. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma, na kinasema mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vijavyo. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi Hazina ichapishe, kwa kila mkopo wa aina hii, ukurasa mmoja wa Kiswahili: kiasi, riba, muda wa kulipa, benki zilizosimamia, zilichaguliwa vipi, na ada ya kila moja kwa shilingi.

Kuna watakaosema ada ni siri ya biashara. Iwe siri pale mfanyabiashara anapokopa kwa jina lake. Deni linalokopwa kwa jina letu, na kulipwa kwa ushuru wa sukari na sabuni tunazonunua, haliwezi kuwa na gharama tusiyoruhusiwa kuijua.

Wala hatuhitaji sheria mpya ili kuanza. Kifungu cha 211 cha Katiba kinasema Bunge la Kitaifa au Seneti ikipitisha azimio, Waziri wa Fedha ana siku saba kuwasilisha kwa kamati husika taarifa za mkopo wowote unaoulizwa. Wabunge wetu wa Nyamira na seneta wetu wanaweza kuwasilisha hoja hiyo kikao kijacho, waanze na mkopo wa Februari 2024. Wakija kuomba kura, swali la kwanza tuwaulize kama walifanya hivyo.