Ukungu utakula nini kama mwokota vyuma mmemfukuza?

Ndugu msomaji, kuna kitu kinanikera. Kila nikisoma habari za taka za elektroniki siku hizi nakutana na shujaa yule yule: ukungu. Eti utazila kompyuta zetu mbovu na kututemea dhahabu. Jamani!

Naomba nieleweke, sayansi yenyewe siipingi. Ukungu uitwao Aspergillus niger, ule mweusi unaoota kwenye vitunguu, ukipewa sukari hutengeneza asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali. (Viwanda vinautumia tangu 1919 kutengeneza asidi ya sitriki, ile inayoipa soda yako ukali.) Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walitoa matokeo yao. Ukungu huo na mwenzake, Penicillium simplicissimum, uliyeyusha kutoka kwenye vumbi la vifaa vya elektroniki asilimia 65 ya shaba na bati, na zaidi ya asilimia 95 ya risasi, zinki, nikeli na alumini. Dhahabu haimo kwenye orodha hiyo, tafadhali.

Lakini someni vizuri: vumbi. Maana yake kuna mtu aliyekusanya, akafungua, akatenga, kisha mashine ikasaga. Tena vumbi likizidi gramu 10 kwa lita, ukungu ulidumaa. Ulihitaji wiki 6 na zaidi kuzoea ndipo ukaweza kuota penye gramu 100. Na risasi ikishatoka kwenye bodi haijapotea. Imo kwenye maji, na lazima mtu aitoe humo.

Sasa ile kazi ya kwanza, ya kukusanya, anaifanya nani? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi ni asilimia 22.3 tu. Kwetu Afrika anayezifuata mlango kwa mlango ni kijana mwenye mkokoteni. Pale Agbogbloshie, Accra, vijana hao walichoma nyaya ili wapate shaba, wakavuta moshi wa sumu miaka nenda miaka rudi huku dunia ikija kuwapiga picha. Julai 2021 wakubwa wakaleta tingatinga, wakabomoa. Vijana wakatawanyika na mizigo yao. Hivi mtu akihamishwa bila kupewa njia nyingine ya kutoa shaba, atafanya nini huko aendako kama si kuwasha moto tena?

Kinachoudhi ni kwamba waya hauhitaji ukungu hata kidogo. Unahitaji mashine ya kumenya plastiki, basi. Ukungu ni wa bodi, na bodi zile zile ziko mikononi mwa kijana yule yule mliyemfukuza. Kwa hiyo enyi wenye fedha za utafiti, kabla hamjatuonyesha tena picha za chupa za maabara, semeni kwanza: kilo moja ya bodi ambayo haijachomwa mtamlipa shilingi ngapi?